Mkwe Ndani ya Kishikwambi

Wenzangu mnaobaki ofisi ya zamu, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie mambo ya muhimu niliyojifunza kazini. Nimekaa barazani kwangu hapa Kinyala, nimekata parachichi, mvua inanyesha kama ilivyo kawaida yake, na nagundua kwamba mambo ya muhimu nimeyasahau karibu yote. Ninayoyakumbuka ni ya kipuuzi. Basi nitaandika hayohayo, na mkiona la muhimu limejipenyeza humo, mlichukue wenyewe.

Vyeo sitavitaja. Nilivyopewa mnavijua, na nilivyonyimwa mnavijua zaidi, maana nililalamika kwa sauti. Nitaanza na kidirisha.

Nilifika kiwandani nikiwa msichana, nimevaa sketi ya dada na gambuti za kaka, na kaka alikuwa na mguu mkubwa. Nilisikika nikija kabla sijaonekana. Nilikabidhiwa kwa Bi Suzana, karani wa zamu, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hakuwahi kuinua sauti kwa sababu hakuwahi kulazimika. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo chenye kidirisha kinachotazama uani. Mfanyakazi hakuingia ndani. Alipitisha mkono kwenye kidirisha, akapewa kipande cha bati chenye namba ya zamu yake, akaenda zake kazini. Sura yake ilibaki nje na mvua.

Bi Suzana aliwatambua watu kwa mikono. Mchumaji ana weusi wa majani ya chai kwenye kidole gumba na cha shahada. Fundi mashine ana kucha zenye grisi hata siku ya Pasaka. Mtu wa boila hana vinyweleo mkononi, vimeungua vyote. Mimi niliona mikono tu, yote imelowa.

Siku hiyohiyo ya kwanza aliniacha peke yangu kidogo akaenda kunywa chai. Mkono ukapita, nikatoa bati. Ukapita mwingine, nikatoa. Bi Suzana aliporudi alitazama ubao wa chaki wenye namba za zamu, akanitazama mimi.

"Bati la namba hii umempa nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Amesema yeye ni Anyitike."

Akavua miwani akaifuta taratibu. "Na angesema yeye ni Mkuu wa Wilaya, ungempa wilaya?"

Ilikuja kujulikana kwamba Anyitike alikuwa amelala nyumbani kwake na kwamba mdogo wake ndiye aliyemfanyia hisani ile. Alipitisha mkono, akazunguka nyuma ya jengo, akarudi na kupitisha mkono mwingine. Nililia, halafu nikacheka, halafu nikaanza kutazama mikono.

Somo la pili la Bi Suzana lilikuwa zito zaidi, na hili wageni wa hapa hawalijui, kwa hiyo nitalieleza. Kwetu Unyakyusa mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hazungumzi naye uso kwa uso, na jina lake halitaji kabisa. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia migombani mpaka mzee apite, na mzee naye anageuka kutazama ng'ombe ambao hawapo. Hiyo si chuki. Ni heshima, tena heshima yenye kazi nyingi. Siku hizi wengi wameiacha, hasa mjini Tukuyu, ambako utamkuta mkwe na baba mkwe wanachangia benchi kanisani na kitabu cha nyimbo. Lakini zipo nyumba ambazo hazijaiacha, na watu wa nyumba hizo nao wanataka kazi kiwandani.

"Zamu," aliniambia Bi Suzana, "maana yake si nani anafanya kazi saa ngapi. Maana yake ni nani asikutane na nani."

Nikaishika kazi hiyo mpaka nikastaafu. Wakwe wa upande huu nikawapitisha lango la mbele, wazee wao nikawapitisha lango la kuni. Huyu akila, yule anafanya kazi. Mameneja walikuja na kuondoka wakisifu jinsi watu wetu wasivyosongamana kwenye chumba cha mapumziko. Hakuna aliyeniuliza siri yake, na mimi si mtu wa kujipendekeza.

Vifaa vilibadilika. Ubao wa chaki uliondoka, zikaja redio za mkononi ambazo zilisikika vizuri mkiwa mmesimama pamoja. Ikaja kompyuta ya kwanza, ambayo mkuu wangu wa wakati huo aliivalisha kitambaa cha kufuma na kukataza kisivuliwe asubuhi, isije ikapata mafua. Likaja kundi la kazini kwenye simu, ambamo ratiba ya zamu ilitumwa mara moja na picha za maua zenye salamu za asubuhi zilitumwa bila kikomo. Halafu akaja Karani Mdogo.

Karani Mdogo hakuwa mtu. Alikuwa programu ya kujibu ujumbe, iliyoundwa na binti mmoja anaitwa Rehema, mzaliwa wa Dar es Salaam anayefanya kazi hizo Mbeya mjini. Ukimwandikia kwenye simu, au ukiongea naye kwenye kishikwambi kilichotundikwa ukutani, anakujibu: zamu yako lini, likizo imekubaliwa, koti la mvua lako lipo stoo. Kwa ajili ya wazee wasioona herufi ndogo, Rehema alimpa sauti. Ilikuwa sauti ya kiume, nzito, kama ya mtangazaji wa vifo redioni. Watu wakambatiza Karani Mdogo, na mimi nikawa Karani Mkubwa, ingawa wengi waliendelea kuniita Karani tu. Tabu ya jina hilo ni kwamba aliamka kila aliposikia mtu anasema "Karani". Mtu akiniita koridoni, tunaitika wawili.

Alikuwa na kasoro moja, ileile yangu ya siku ya kwanza. Alimwamini kila mtu. Ukisema wewe ni Anyitike, basi wewe ni Anyitike. Niliwaonya. Nikaambiwa teknolojia ya sasa haina mambo ya vidirisha.

Basi siku moja, mtu ambaye mpaka leo hajajulikana, na mimi ninayemjua sitamtaja, alimwandikia Karani Mdogo: "Mimi ni Meneja. Naomba likizo ya uzazi." Karani Mdogo akakubali palepale. Halafu, kwa kuwa alifundishwa adabu, akatangaza kwenye kundi la kiwanda kizima: "Tumpongeze Meneja wetu. Tunamtakia kujifungua salama."

Meneja ni mwanaume mwenye sharubu. Alipoingia kiwandani asubuhi ile, akina mama wa kufungasha walimpisha njia, mmoja akamletea kiti.

Kabla ya chakula cha mchana Rehema alikuwa ameshapigiwa simu. Alifika na raba nyeupe, akavuka uwanja wetu wenye tope, akaingia ofisini kwangu na raba za kahawia.

"Mama, shikamoo. Nimeambiwa boss ana mimba."

"Marahaba, mwanangu. Anaendelea vizuri, ila hasira zimempanda."

Rehema alinipenda na mimi nikampenda, tukaelewana haraka. Alinieleza atakachofanya. Kuanzia sasa Karani Mdogo hatamhudumia mtu mpaka mtu huyo athibitishe kuwa ndiye. Unapoanza kuongea naye, anakuonyesha kitufe cha kuingilia. Ukikibonyeza unafunguka ukurasa, unaandika namba yako ya kazi na neno lako la siri. Ukurasa unakupa tarakimu chache, unarudi kwa Karani Mdogo unazitaja, naye anajua ni wewe.

"Kwa hiyo ni kidirisha," nikasema.

"Kidirisha gani, Mama?"

Nikamsimulia habari za Bi Suzana na mikono. Alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mdomoni. "Ndiyo," akasema. "Ni hicho hicho. Ila mkono ni neno la siri."

Hapo tukaanza safari. Neno la siri lilieleweka upesi, isipokuwa kipengele cha siri. Msimamizi mmoja wa ukaushaji alisimama katikati ya mkutano akalitamka la kwake kwa sauti, akaomba wenzake wamsaidie kulikumbuka. Wenzake wakalisifu, na wengine wakalichukua. Wanakwaya wote walichagua jina la wimbo mmoja. Rehema alishika kichwa kwa mikono miwili, nikamletea maziwa mgando.

Malalamiko makubwa yakawa mengine kabisa. Karani Mdogo mpya, ukimsogelea tu, alianza na swali: "Wewe ni nani?" Hebu fikirieni. Mtu ana umri wa kuwa na wajukuu, amefika kazini kabla kiwanda hakijapakwa rangi hii, jana mmesalimiana vizuri, leo unamuuliza yeye ni nani, tena bila salamu! Wazee walinuna. Mmoja alikijibu kishikwambi, "Mimi ni nani? Wewe ndiye nani?" wakakaa hivyo wanatazamana mpaka king'ora kikalia.

Nikamwambia Rehema: hapa kwetu salamu kwanza, mengine baadaye. Rehema akabadilisha. Sasa Karani Mdogo akawa anauliza, "Habari za asubuhi? Habari za nyumbani?" na watu, kwa kuwa wameulizwa, wakajibu. Walimweleza habari za ng'ombe mgonjwa, za mgomba ulioangushwa na upepo, za shemeji aliyekuja kutembea na haondoki. Karani Mdogo alikuwa na muda wake wa kusubiri, na muda ukiisha anafunga. Watu wakakatwa katikati ya ng'ombe. Rehema akaongeza muda. Mtu akikaa kimya, Karani Mdogo alimwita kwa jina na kumuuliza, "Bado upo?" Wazee wakafurahi sana, wakasema sasa amekua.

Hapo ndipo yanapoingia ya Mzee Ambakisye na Atuganile.

Mzee Ambakisye alikuwa mtu wa boila. Maisha yake yote alilisha tanuri magogo ya mikaratusi na kulisikiliza linavyopumua. Atuganile alikuwa sehemu ya kunyausha, kule kwenye vitanda virefu vya wavu ambako majani mabichi yanatandazwa na feni inapuliza kutoka chini. Atuganile ameolewa na mtoto wa Mzee Ambakisye, dereva wa malori, ambaye yupo barabarani kuliko nyumbani. Wanakaa Masukulu, nyumba mbili zilizopeana migongo. Nyumbani mzee na mkwe wanapelekeana maneno kupitia watoto. Kiwandani nilikuwepo mimi. Miaka yote waliyofanya kazi pale, paa moja, mvuke mmoja, hawakuwahi kukutana, na mkiniuliza nini ninajivunia kazini nitawajibu hilo kabla ya jingine lolote.

Kishikwambi cha boila kiliharibika kwa joto. Mzee akawa anakuja kutumia cha kunyausha mwisho wa zamu yake, kabla zamu ya Atuganile haijaingia. Mimi nililijua hilo na nikaona halina shida. Yeye anatoka mlango wa nyuma, Atuganile anaingia wa mbele. Watu wawili hawakutani. Sikufikiria kwamba wanaweza kukutana ndani ya kishikwambi.

Asubuhi hiyo mzee aliingia vizuri kwa namba yake na neno lake la siri, akaomba kupumzika Ijumaa. Kabla hajamaliza akasikia boila linakohoa, akakimbia. Hakutoka kwenye akaunti. Alijiacha wazi ukutani pale.

Atuganile akafika, akatundua kishikwambi, akasogea nacho kando ya kitanda cha majani ili aone mwanga. Sauti ya mtangazaji wa vifo ikasema:

"Habari za asubuhi? Habari za nyumbani?"

"Nzuri," Atuganile akajibu, kama ambavyo yeyote kati yetu angejibu.

"Nashukuru, Mzee Ambakisye. Wajukuu hawajambo?"

Wanaosimulia wanasema alipiga ukelele uliosikika mpaka kwenye mizani. Akajifunika kitenge usoni, na kishikwambi akakirusha. Kikaruka juu, kikatua katikati ya kitanda, kikazama kwenye majani mabichi.

Mtu mwenye busara angedhani mambo yameishia hapo. Lakini tulikuwa tumemfundisha Karani Mdogo uvumilivu. Kimya kidogo, halafu chini ya majani ikatoka sauti:

"Mzee Ambakisye, bado upo?"

Akina mama walianza kuchimba. Kitanda ni kirefu, na feni inapeperusha sauti, kwa hiyo kila mmoja alimsikia mahali pake. Majani yaliruka.

"Mzee Ambakisye, sikusikii."

"Hayupo!" akapiga kelele mama mmoja kwa kuchanganyikiwa.

"Asante, Mzee Ambakisye."

Atuganile alikuwa ameziba masikio, amefumba macho, anarudi kinyumenyume. Akaukuta mlango wa nyuma kwa mgongo, akatoka. Na mlango wa nyuma unatokea kwenye kuni. Na kwenye kuni alikuwa amesimama Mzee Ambakisye mwenyewe, gogo begani, anajiuliza ni nani anayemwita hivyo toka ndani ya majani.

Nilifika na gambuti zangu nikawakuta wamegeuziana migongo, kila mmoja ameganda, mvua inawapiga. Hakuna aliyeweza kupita bila kumpita mwenzake. Sikuwa na la kufanya ila nikafungua mwavuli, nikasimama katikati yao nimeuinamisha kama pazia. Nikawa ukuta. Nilikuwa nimesomea ukarani.

"Mama," Atuganile akasema upande wake, "nimesalimiwa kwa jina lake. Na nimeitika, Mama! Imeuliza habari za nyumbani, nikasema nzuri kabla sijasikia imeniita nani."

Upande wa pili mzee alikohoa tu. Halafu nikasikia gogo linawekwa chini polepole sana, na hatua zinaondoka.

Tulicheka baadaye, lakini siku ile hakuna aliyecheka, hasa mimi. Atuganile alikwenda nyumbani akasema kishikwambi hatakigusa tena maisha yake. Meneja naye akatoa tangazo: kuanzia Jumatatu, asiyeingia kwa akaunti yake hapangiwi zamu. Nikaenda kumwona, nikamweleza habari za wakwe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mama," akasema, "nakuheshimu sana. Lakini mimi nimeshabeba mimba mara moja kwenye mfumo huu. Sibebi tena."

Kama Jumatatu ingepita bila Atuganile kuingia, jina lake lingeondolewa na nafasi yake angepewa mwingine, na waliokuwa wanaitaka walikuwa wengi langoni. Mshahara wa lori unakuja ukikumbuka. Watoto wale walikuwa wanasoma kwa mikono ya mama yao. Iliniuma, nikashindwa hata kunywa chai, na mimi kushindwa kunywa chai katika kiwanda cha chai ni habari.

Siku ya pili yake, mkono ukagonga dirisha la ofisi yangu kwa nje. Mkono hauna kinyweleo hata kimoja.

"Mugonile, Karani," akanisalimu mzee.

"Ndaga, tata," nikaitikia, yaani asante, baba. "Ingia ndani, mvua."

"Siingii. Nimekuja kusema naacha kazi."

Mezani kwangu sauti nzito ikasema, "Habari za asubuhi?" Nikakigeuza kishikwambi kifudifudi.

"Unaachaje kazi, tata? Na boila?"

"Mwenye kosa ni mimi. Mimi ndiye niliyejiacha wazi, yule mama wa watu akaingia ndani yangu kama anaingia dukani." Akaushika ukingo wa dirisha. "Sasa yeye ana aibu kuja na mimi nina aibu kukaa. Nikiondoka, jina langu litatoka kwenye hiyo mashini yenu. Atarudi. Watoto wale ni wajukuu wangu, Karani."

"Umemwambia yeye hayo?"

"Nimwambie kwa mdomo gani?"

Hapo alikuwa na haki. Msamaha alikuwa nao tele, njia ya kuupitisha hakuwa nayo. Watoto hutumwa chumvi na maji, hawatumwi jambo kama lile. Nikamwomba asiandike barua ya kuacha kazi mpaka Jumatatu. Akasema hata kuandika hajui vizuri, kwa hiyo anisaidie nini zaidi.

Nikamwita Rehema, akaja nyumbani kwangu Kinyala, nikampikia mbalaga, zile ndizi zetu, akala sahani ya pili bila kuombwa. Nikampa mawazo yangu yote. La kwanza, kila mtu anunuliwe kishikwambi chake. La pili, niwe naingia mimi badala ya Atuganile. La tatu, mzee abadilishwe jina. Rehema alisikiliza yote hayo kwa upole mkubwa.

"Mama, kosa ni langu na ni dogo," akasema akilamba kidole. "Mashine ina kazi mbili, mimi nikazifunga pamoja. Kumjua mtu ni kazi moja. Kumtaja ni nyingine. Nilidhani ukishamjua lazima umtaje."

"Hapa kwetu," nikasema, "ukishamjua sana ndiyo humtaji."

"Basi. Nitaifundisha ijue na inyamaze. Haitamtamkia mtu jina lake wala la mwenzake. Na mtu akimaliza, mlango unajifunga wenyewe, anayefuata anaanza upya. Na mtu akitaka kumpelekea mwenzake neno, itapeleka bila kusema limetoka kwa nani."

"Lakini itakuwa inajua?"

"Itakuwa inajua kabisa. Si ndiyo maana tumeweka kuingia? Asiyejulikana hapeleki neno." Akachukua ndizi nyingine. "Itakuwa kama wewe, Mama."

"Eeh."

"Ila wewe hunyamazi."

Nikamnyang'anya sahani. Alifanya kazi ile kwenye meza yangu ya chakula, mvua inapiga bati, anaimba nyimbo zao za Dar ambazo maneno yake niliamua kutoyaelewa.

Jumapili baada ya ibada nikateremka Masukulu. Atuganile alikuwa anamenya ndizi nyuma ya nyumba yake. Hakuinua kichwa.

"Kama umekuja kwa habari ya ile kitu, Mama, karibu chakula halafu tuongee mengine."

"Imebadilishwa."

"Itaniita nani?"

"Haitakuita."

"Sasa itajuaje ni mimi?"

"Itajua. Utaingia kwa namba yako na neno lako la siri, itajua ni wewe, si mwingine."

"Halafu?"

"Halafu itanyamaza."

Kisu kikasimama. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Hiyo sasa ndiyo mashini yenye malezi," akasema.

Lakini hakusema kama atakuja. Nilirudi Kinyala na usingizi wa kubabaisha.

Jumatatu Meneja alisimama kwenye lango la kunyausha, saa mkononi, sharubu zimechanwa. Mimi nilisimama karibu naye nikijifanya nahesabu makoti ya mvua. Zamu ikaingia, mmoja mmoja, wakaongea na ukuta, wakapita. Atuganile hayumo. Meneja akaitazama saa. Nikaanza kumweleza Meneja habari ya ng'ombe wangu, ambaye hakuwa na tatizo lolote, na nilikuwa nimefika kwenye kwato ndipo Atuganile akaingia, kitenge kimekaza kichwani kama anakwenda vitani.

Akasimama mbele ya kishikwambi mbali kidogo, kama mtu anayesalimiana na mbwa asiyemjua. Wenzake wote waliacha kazi.

"Habari za asubuhi? Habari za nyumbani?"

Safari hii hakujibu. Alisubiri. Alisubiri mpaka akahakikisha hakuna jina linalofuata. Halafu akasema, "Nzuri." Akabonyeza, akaandika namba yake, akakifunika kishikwambi kwa kiganja akaandika neno la siri, akiwa mtu pekee katika kiwanda chetu aliyewahi kufanya hivyo. Akasoma zile tarakimu.

"Nimekutambua," ikasema sauti nzito. "Karibu kazini. Una ujumbe. Umetoka kwa mtu ambaye naye nimemtambua. Anasema: mlango niliuacha wazi mimi. Sitauacha tena. Wewe hukukosea. Kaa kazini."

Rehema aliniambia baadaye kwamba mzee, wiki hiyo akiwa zamu ya mchana, alifika alfajiri, akaelezwa njia mpya, akamtuma yeye aandike neno moja baada ya jingine, na akamfutisha neno la mwisho mara kadhaa kabla ya kuliacha.

Atuganile alivuta ncha ya kitenge akafuta macho. Hata mimi nilifuta, na sioni sababu ya kuficha. Halafu akainama karibu na kishikwambi, akasema polepole, "Mwambie nimesikia. Mwambie na leo jioni kuna mbalaga, asile mapema huko kazini."

"Nimefikisha," kikasema kishikwambi.

Tukasikiliza. Halafu upande wa boila, ambako Rehema alikuwa ametundika kishikwambi kingine mbali na joto, kikalia king'ora, kirefu, cha furaha, ambacho hakikuwemo kwenye ratiba yoyote niliyowahi kuipanga. Meneja akaitazama saa yake akaitikisa.

"Hiki cha nini?" akaniuliza.

"Cha kuitikia," nikamwambia, nikarudi kwenye makoti.

Nilibaki kazini kidogo baada ya hapo, kisha zamu yangu ikaisha. Akaunti yangu ilifungwa siku ileile ya kuagwa, asubuhi, kwa hiyo nilipopita kumuaga Karani Mdogo aliniambia hanitambui. Nikamwambia mwanangu umefanya vizuri, hivyohivyo.

Mnakumbuka sherehe. Ukumbi wetu wa mikutano ni ile ofisi ya zamani iliyovunjwa kuta, na kidirisha cha Bi Suzana wamekiacha. Nilikalishwa meza ya mbele, nimezungukwa na zawadi za vitenge na masufuria. Atuganile alikuwa karibu na kidirisha, amekipa mgongo. Nje ya kidirisha, mvuani, alikuwepo mtu. Hamkumwona. Mliona mkono ukipita, hauna kinyweleo, ukaweka kitu juu ya kizingiti na kurudi nje. Lilikuwa bati la zamu la zamani, limesuguliwa mpaka linang'aa. Atuganile alisubiri mkono utoke kabisa, akalichukua bila kugeuka, akaniletea mezani kwa mikono miwili.

"Karani," ikasema sauti ya nje, "ndaga fijo. Ulitupanga vizuri."

Nikaligeuza bati mkononi. Kabla sijajibu, kishikwambi cha ukutani, kwa kuwa kilisikia jina lake, kikaamka.

"Habari za mchana?" kikasema. "Samahani, nani anaongea?"

Na nyinyi wote, ukumbi mzima, Meneja na sharubu zake, Rehema na raba zake, Atuganile amesimama mbele yangu na machozi na kicheko pamoja, mkajibu kwa sauti moja:

"Tunamjua!"